Herufi za kwenye dashibodi zina bei yake: mnunuzi wa gari Unguja ajue nini

Dalali wa magari mjini Unguja huwa na wimbo mmoja. Gari ni "ful", injini VVT-i, breki ABS, mifuko ya hewa miwili, fowili, tena halijatembea. Mnunuzi huitikia kwa kichwa kila neno, akaridhika kwamba yote hayo ni mazuri, kisha akatoa fedha. Maana halisi ya maneno hayo wengi huja kuifahamu baadaye, wakiwa gereji, na wakati huo somo huwa na risiti.

Kwa mtu anayenunua gari la kumpeleka kazini na kurudi nyumbani, kosa la namna hiyo huumiza mfuko. Kwa yule aliyekopa ili anunue Noah ya teksi ya kubebea watalii kutoka uwanja wa ndege, au Hiace ya njia ya shamba, kosa hilo hilo laweza kuua biashara kabla mkopo haujafika nusu. Ndiyo maana inafaa kuyapitia maneno ya soko hili moja baada ya jingine na kuona kila moja lina thamani gani katika kisiwa hiki.

KARATASI INAKUJA KABLA YA GARI

Sehemu kubwa ya magari yanayotembea Unguja yaliwahi kutembea Japani kwanza. Sababu ni mbili. Japani huendesha kushoto na usukani uko kulia, kama ilivyo Tanzania. Pili, sheria ya huko inalitaka gari binafsi likaguliwe linapofika miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na wenye magari wengi huona ni afadhali kuliuza gari kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Gari ambalo kwa Mjapani limeanza kuwa mzigo bado lina umri mrefu mbele yake likifika Afrika Mashariki.

Magari mengi hupita kwenye minada, na kila gari huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi ambao mnunuzi anapaswa kuudai kabla ya kitu kingine. Juu yake kuna alama ya daraja. Gari la 4.5 au 5 ni safi sana. La 4 ni zuri, la 3.5 lina mikwaruzo na dalili za matumizi. Daraja R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali au kugongwa sehemu ya fremu, likatengenezwa. Gari la R si lazima liwe bovu, lakini halistahili kuuzwa kwa bei ya gari la 4. Chini yake huchorwa umbo la gari likiwa na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Kwa mtu wa kisiwani, herufi ya kuangaliwa mwanzo ni S, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

Maneno mengine mawili ya karatasi ni FOB na CIF. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini katika bandari ya Japani, basi. CIF ni bei hiyo ikiongezwa nauli ya meli na bima mpaka bandari ya kushushia. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo na ushuru, kodi wala gharama za bandari ndani yake. Mtu aliyeona tangazo la FOB akadhani ndiyo bei ya gari mkononi hujikuta gari limefika Malindi na yeye hana fedha za kulitoa, huku gharama za kuhifadhi zikiongezeka.

NAMBA YA CHASISI INASEMA KWELI

Maneno ya dalali yanaweza kupambwa, lakini namba ya chasisi haina mapambo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na herufi na tarakimu za aina ya gari, kisha kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Katika Toyota, herufi za mwanzo hutaja familia ya injini.

Mfano ni Hiace. Namba inayoanza na TRH ni ya injini ya petroli ya familia ya TR. Inayoanza na KDH ni ya dizeli ya familia ya KD. Noah iliyoanza kutoka mwaka 2001 inajulikana kwa AZR60 ikiwa inavuta kwa magurudumu mawili, na AZR65 ikiwa inavuta kwa manne. IST ya NCP60 ina injini ya CC 1300, NCP61 ina CC 1500, na NCP65 ni ya CC 1500 inayovuta kwa magurudumu yote. Kwa hiyo mtu anayeambiwa gari ni fowili, na namba inasema AZR60, ana haki ya kufunga mazungumzo.

Jambo jingine la kujua ni kwamba namba hiyo ya Kijapani haina mwaka ndani yake. Mwaka unaoandikwa kwenye hati za Japani ni wa gari kusajiliwa kwa mara ya kwanza, ambao waweza kuwa tofauti na mwaka wa kutengenezwa. Tofauti hiyo ina uzito mahali ambapo umri wa gari unatazamwa na sheria. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania Bara hutoza kodi ya ziada kwa magari yaliyopita miaka fulani. Gari lililosajiliwa kwa namba ya Z likitaka kuhamia Bara huwa na hesabu zake za forodha, na mnunuzi anayefikiria kuliuza ng'ambo ya bahari siku za mbele aulize mapema.

INJINI: UKUBWA, EFI, VVT-i NA D-4

CC ni ujazo wa silinda zote za injini kwa pamoja. CC 1000 ni lita moja, CC 2000 ni lita mbili. Injini kubwa hutoa nguvu zaidi na hunywa zaidi. Katika nchi ya milima, nguvu hiyo ina kazi. Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, na sehemu yake ya juu kabisa, upande wa Masingini, haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Hakuna mlima wa kupandisha kutoka Mji Mkongwe mpaka Makunduchi. Injini kubwa hapa hununuliwa kwa ajili ya mzigo na abiria, au kwa ajili ya heshima, na heshima hulipiwa kituoni.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka mjini mpaka Nungwi ni takribani kilomita 60, kwenda na kurudi kilomita 120. Tuseme gari moja linakwenda kilomita 12 kwa lita na jingine kilomita 8. La kwanza litatumia lita 10, la pili lita 15. Kwa safari 20 za mwezi, tofauti ni lita 100. Mwenye teksi azidishe lita hizo kwa bei ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ZURA, huitangaza kila mwezi, aone faida yake inapopotelea.

EFI ni mfumo wa kuingiza petroli kwenye injini kwa kupuliziwa, ukiongozwa na kompyuta, badala ya kabureta ya zamani. Unaokoa mafuta na gari huwaka vizuri asubuhi. Sharti lake ni moja: pampu ya petroli iko ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Dereva mwenye tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka, akitia lita mbili mbili, huipika pampu hiyo taratibu.

VVT-i ni ufundi wa Toyota uliotoka katikati ya miaka ya 1990. Katika injini ya kawaida, valvu hufunguka na kufunga kwa wakati ule ule iwe gari linakwenda pole au mbio. VVT-i hubadilisha wakati huo kulingana na mwendo, na hivyo injini ndogo ikapata nguvu bila ya kula sana. Kinachosukuma mtambo huo ni oili ya injini. Oili ikiwa chafu au nzito kupita kiasi, mtambo hukwama. Neno VVT-i kwenye kifuniko cha injini, kwa hiyo, ni sifa na pia ni deni la kubadilisha oili kwa wakati. Namba za oili nazo zina maana: katika 5W-30, namba ya kwanza yenye W ni wepesi wake ikiwa baridi, na ya pili ni uzito wake ikiwa moto. Injini nyingi mpya hutaka 0W-20. Fundi anayemwagia kila gari oili nzito ya 40 kwa sababu "huku kuna joto" hajasoma kitabu cha gari hilo.

D-4 ni herufi zinazowachanganya wengi. Kwenye injini ya petroli, D-4 ni mfumo unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Noah ya AZR60 ni mfano. Injini hizo ni nzuri zikiwa zima, lakini pampu yake ya presha ni ghali, na masizi hujikusanya kwenye njia ya hewa. D-4D ni kitu kingine: hiyo ni dizeli ya kisasa, inayopatikana kwenye Hiace za KDH. Nozeli zake hazivumilii uchafu wala maji ndani ya dizeli. Kichujio cha dizeli ndicho bima ya nozeli, na bei ya kichujio haifanani hata kidogo na bei ya nozeli nne.

Kilomita 100,000 nazo zina siri. Injini za zamani kama 5A na 3S huzungushwa na mkanda wa mpira, ambao Japani hubadilishwa gari likifika karibu na kilomita hizo. Ukikatika, injini husimama pale pale, na baadhi ya injini huvunjika valvu. Injini kama 1NZ, iliyomo kwenye magari mengi ya CC 1500, hutumia mnyororo ambao hauna ratiba hiyo. Mnunuzi wa gari la mkanda atafute stika iliyobandikwa na fundi wa Kijapani ndani ya boneti ikionyesha kilomita za kubadilishia. Kama haipo, ahesabu kwamba mkanda haujabadilishwa na bei ipungue.

GIA: O/D NA CVT

Gari la otomatiki la zamani huwa na kitufe pembeni ya mkono wa gia kilichoandikwa O/D. Hiyo ni gia ya juu kabisa, ya kukimbilia kwenye barabara iliyonyooka huku injini ikizunguka polepole. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi, gia hiyo imefungwa. Kuna madereva wanaotembea mwaka mzima na taa hiyo inawaka wakidhani ni pambo, injini inalia njia nzima ya Paje na petroli inakwisha. Kitufe hicho kinafaa kufungwa wakati wa kuteremka kilima au kuvuta mzigo, na kisiwani shughuli hizo ni chache.

CVT ni gia boksi isiyo na gia za namba. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaopita kwenye puli mbili zinazobadilika upana, na gari huongeza mwendo bila ya kuruka kutoka gia moja kwenda nyingine. Dereva aliyezoea gari la kawaida huona kama gia inateleza, lakini ndiyo kazi yake. Hatari iko kwenye oili. CVT hutumia oili yake maalumu. Haidroliki ya kawaida ya gia boksi za otomatiki ikimiminwa humo, mkanda hukosa kushika na gia boksi nzima hufa. Kabla ya kumruhusu fundi kufungua chochote, mwenye gari asome kilichoandikwa kwenye kijiti cha oili au kitabu cha gari. Katika makosa yote yanayotajwa hapa, hili ni miongoni mwa yale yanayogharimu zaidi kwa dakika chache za uzembe.

FOWILI NA MCHANGA WA PWANI

Fowili ni gari ambalo magurudumu yote manne yanaweza kusukumwa na injini. Ziko za aina mbili. Moja ni ya kudumu, ambayo hugawa nguvu kwa magurudumu yote wakati wote, kama RAV4 nyingi. Nyingine ni ya kuchagua, yenye mkono au kitufe cha 2H, 4H na 4L. Hii ya pili si ya kutumiwa kwenye lami kavu ikiwa kwenye 4H. Gurudumu la mbele na la nyuma hupita njia tofauti kwenye kona, na mtambo usio na difu ya katikati hujikaza mpaka kitu kivunjike. 4H ni ya mchanga na matope. 4L ni ya kujinasua, kwa mwendo wa kutambaa.

Barabara kuu za Unguja zina lami, na mtu anayetembea kati ya Darajani, Fuoni na Mwanakwerekwe atabeba uzito wa fowili na kulipia mafuta yake bila ya kuitumia. Wanaoihitaji ni wanaoingia kwenye njia za mawe na mchanga zinazokwenda mahotelini upande wa mashariki. Hata hao wakumbuke kwamba gari likizama kwenye mchanga laini, kupunguza upepo wa matairi husaidia mara nyingi kuliko kukanyaga mafuta. Upepo urudishwe kabla ya kupanda lami.

BREKI NA MIFUKO YA HEWA

ABS huzuia magurudumu yasifunge kabisa breki zinapokanyagwa kwa nguvu. Faida yake kubwa ni kwamba dereva bado anaweza kukata usukani na kumkwepa mtoto au mwenye baiskeli. Pedali hutetemeka mguuni na mlio husikika. Dereva asiyejua huogopa na kuachia, na hapo ndipo hugonga. Kanuni ni kukanyaga, kushikilia na kukwepa. Kwenye mchanga au kokoto, ABS haifupishi umbali wa kusimama, na huenda ikaurefusha. VSC ni ndugu yake: huzuia gari lisiyumbe kwenye kona iliyolowa.

SRS ni mifuko ya hewa. Herufi hizo zinasema ni kinga ya nyongeza, na kinachoongezewa ni mkanda wa kiti. Mfuko hufumka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu asiyefunga mkanda hurushwa mbele akakutana nao ukiwa bado unafumka, na ukamdhuru badala ya kumwokoa. Mtoto mchanga kwenye kiti kinachotazama nyuma hawekwi kamwe mbele ya mfuko huo.

Jaribio la SRS halihitaji fundi. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa ya SRS huwaka sekunde chache na kuzimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, uwezekano ni kwamba mtu ameificha, na mara nyingi huficha kwa sababu mifuko ilishafumka katika ajali na haikurudishwa. Gari hilo linaitwa lina mifuko miwili, lakini ndani ya usukani hamna kitu.

Liko jambo zito zaidi. Kampuni ya Takata ya Japani iliuza mifuko ya hewa kwa watengenezaji wengi wa magari. Kifumuzi chake kilitumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Ikiharibika, kifumuzi hupasuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani peke yake iliamuru vifumuzi vipatavyo milioni 67 virudishwe, na zaidi ya watu 20 wamekufa nchini humo. Takata iliomba kinga ya kufilisika mwezi Juni mwaka 2017. Magari kama Toyota Corolla, Toyota Vitz na Honda Fit ya miaka fulani yaliingia kwenye wito huo.

Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Unguja mwaka mzima. Gari lililoitwa kiwandani Japani likarekebishwa kabla ya kuuzwa halina neno. Lililouzwa bila kurekebishwa limekuja na tatizo lake, na huku linaiva. Watengenezaji wameweka kwenye mitandao yao sehemu ya kuingiza namba ya chasisi ili kujua kama gari lina wito ambao haujatekelezwa, na huduma hiyo ni bure. Mwagizaji yeyote makini anaweza kumfanyia mteja wake jambo hilo kabla ya kupokea fedha, na mteja anapaswa kulidai sawasawa na anavyodai hati za gari.

HAIBRIDI

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na Aqua ikafuata mwaka 2011. Katika foleni, pale ambapo gari la kawaida hupoteza mafuta, haibridi hutembea kwa umeme, na nguvu za breki hurudishwa kwenye betri. Betri kubwa ndiyo moyo wake na ndiyo gharama yake. Hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Mizigo au nguo zikiziba tundu hilo, au vumbi likijaa, betri huchemka na kufa mapema. Nyaya zake za rangi ya machungwa hubeba zaidi ya voti 200, na fundi asiyefunzwa hana ruhusa ya kuzigusa. Mnunuzi aulize mambo mawili: betri ina umri gani, na nani mjini anaweza kuipima.

GARI LINALOSEMA KIJAPANI

Wenye magari wengi wameizoea sauti ya mwanamke inayozungumza Kijapani kila ufunguo unapozungushwa. Mara nyingi ni kifaa cha ETC, cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, mfumo ulioanza huko mwaka 2001. Kinalalamika kwamba kadi haijaingizwa. Hakina kazi Unguja, na fundi umeme hukichomoa kwa dakika chache.

Redio nayo ina kisa chake. Japani masafa ya FM yalianzia 76 na kuishia 90, na redio mpya hufika 95. Vituo vya Tanzania viko kati ya 88 na 108, ndiyo maana redio ya asili hushika vituo vichache tu. Kifaa kidogo cha kubadilisha masafa humaliza tatizo bila ya kununua redio mpya. Spidi 180 iliyoandikwa kwenye mita pia ni mila ya watengenezaji wa Japani, na haisemi lolote kuhusu uzima wa injini.

MATAIRI YA BARAFU, CHUMVI YA BAHARI

Tairi limeandikwa kila kitu ubavuni. Katika 185/65R15 88S, 185 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya kimo chake kwa upana huo, R ni aina ya ujenzi, na 15 ni rimu kwa inchi. Namba 88 ni uwezo wa kubeba kilo 560 kwa tairi, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tarakimu nne ndani ya duara dogo ni tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kina kizuri cha meno laweza kuwa limezeeka na kukakamaa. Magari yanayotoka kaskazini mwa Japani huja na matairi ya theluji, yaliyoandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi, na kwenye lami ya moto huisha haraka.

Gari la kaskazini ya Japani lina tatizo jingine. Barabara za huko humwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, na chumvi hiyo huanza kula uvungu. Likifika Unguja linapokewa na upepo wa bahari. Ndiyo sababu herufi S kwenye karatasi ya mnada ina uzito. Gari lipandishwe jeki, uvungu utazamwe kwa tochi, hasa mabomba ya breki, sehemu zinapofungwa springi, na kingo za milango. Rangi mpya nyeusi iliyopigwa uvunguni ni sababu ya kutazama zaidi. Wanaotembea pwani waoshe uvungu kwa maji baridi, na redieta ipewe maji yake ya rangi, kwani maji ya visima vya kisiwa hiki hupita kwenye mawe ya chokaa na huacha magamba ndani ya redieta.

TAA TATU ZA KUTII

Dashibodi ina lugha ya rangi. Kijani au bluu ni taarifa: kitu kinafanya kazi. Njano ni onyo: gari linaweza kutembea, lakini lipelekwe kwa fundi. Taa ya injini ya njano ni ya namna hiyo, na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta hupata namba ya hitilafu badala ya kubahatisha kwa kubadilisha vipuri. Nyekundu ni amri. Taa nyekundu ya oili, ya joto au ya breki ikiwaka barabarani, gari lisimame hapo hapo na injini izimwe, hata kama ni karibu na nyumbani. Kilomita mbili bila oili zinatosha kuimaliza injini.

Mnunuzi anayekwenda kutazama gari wiki hii basi awe na mpangilio. Adai karatasi ya mnada na kuitazama herufi R na S. Asome namba ya chasisi yeye mwenyewe na kuilinganisha na maneno ya dalali. Aulize kuhusu wito wa mifuko ya hewa. Azungushe ufunguo bila ya kuwasha na kuhesabu taa zinazowaka na kuzimika. Asome tarehe ya matairi, atazame uvungu, kisha ndipo aendeshe. Shughuli hiyo yote haizidi saa moja. Muuzaji mwenye gari zuri hatakasirika kusubiri, na yule anayemharakisha mteja kwa madai kwamba kuna mwingine yuko njiani na fedha mkononi, aachiwe huyo mwingine.